Mwache Mtoto Aulize Shamba

Ndugu mkulima, mtoto wako akikuuliza, "Baba, mbona mahindi ya huku ni ya manjano na ya kule ni ya kijani?" wewe humjibu nini? Mara nyingi jua ni kali, mgongo unauma na kazi ingali nyingi. Basi husema, "Acha maneno, shika jembe." Mtoto hunyamaza, akashika jembe. Ukimjibu hivyo mara kumi, mara ya kumi na moja hatauliza. Na mtoto asiyeuliza tena habari za shamba ameanza kuliacha, hata kama miguu yake ingali humo.

Mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya masomo ya sayansi na bustani kwa watoto wa shule ya msingi. Si masomo ya kukariri, bali ni masomo ya mikono: kupanda, kupima, kuhesabu, kutazama na kuandika. Usigeuze ukurasa kwa kudhani kwamba habari hii ni ya walimu peke yao. Ni yako. Soma mpaka mwisho, nawe utaona kwamba mtoto wa miaka kumi, akiwa na mbegu mia moja na kitambaa kilicholoweshwa maji, aweza kukuokolea mavuno ya msimu mzima.

JAMBO HILI LAKUHUSU

Wewe uliye katika mpango wa makazi wajua historia ya shamba lako. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu yalikatwa vipande, na jamaa zipatazo 35,000 zikapata mahali pa kukaa na kulima. Hawakupewa bure. Palikuwa na deni la ardhi, na tena deni la ng'ombe, waya na mbegu. Deni hilo lilipaswa kulipwa kwa maziwa, pareto, chai na mahindi. Kulima kwa kubahatisha kulikuwa hatari, kwa maana deni halikungoja.

Leo mambo yamebadilika. Kipande alichopewa babu mara nyingi kimekwisha kugawanywa kwa watoto wake, na watoto nao wanawafikiria wajukuu. Ardhi haizai ardhi. Ekari mbili hazitakuwa nne kwa sababu familia imeongezeka. Kitu kimoja tu chaweza kuongezeka juu ya ekari hizo mbili, nacho ni maarifa ya yule anayezilima. Basi yafaa tujiulize: mtoto atakayelirithi shamba lako anajifunza wapi maarifa hayo, na anayajifunza namna gani?

NENO LA WAZAZI WENGINE

Wako wazazi wasemao, "Mimi nimempeleka mtoto shule ili aepukane na jembe. Mwalimu akimpa jembe tena, nimelipia nini?" Neno hili si la kupuuzwa, nalo lina historia yake. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa na mashamba, na wazee wetu wengi hawakuyapenda. Waliona kwamba mtoto wa Mwafrika anafundishwa jembe ili asifundishwe kitabu. Tena katika shule nyingine shamba lilikuwa mahali pa adhabu: aliyechelewa hupalilia, aliyepiga kelele huchota maji. Mtoto aliyepewa jembe kama fimbo atalikumbuka kama fimbo.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kulima mistari kumi kwa amri ya mtu mwingine ni kazi tu. Kupanda mistari miwili, mmoja wenye samadi na mmoja usio na samadi, kisha kuipima kila Jumamosi na kuandika urefu wa mimea katika daftari, hiyo ni elimu. Jembe ni lile lile, ila katika kazi ya pili mtoto ameuliza swali, na shamba limemjibu. Kitabu na jembe hapo havigombani. Hesabu anazofanya ni hesabu za darasani, na sayansi anayoiona ndiyo ile ile atakayoulizwa katika mtihani.

Masomo ya namna hii hayakuanza jana. Kuanzia mwaka 1965 walimu na wanasayansi wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, walishirikiana na wenzao wa Marekani kutengeneza masomo ya sayansi ya shule za msingi yatumiayo vitu vilivyo karibu na mtoto. Kijitabu chao kimoja kilihusu yule mdudu mdogo achimbaye kishimo katika vumbi, akangoja sisimizi waanguke ndani. Mtoto hakuambiwa akariri sehemu za mwili wa mdudu. Aliambiwa amwulize mdudu mwenyewe: amwekee mchanga mkavu na mchanga wenye maji, kisha atazame anachagua upi. Hiyo ndiyo njia tunayoisifu hapa. Usimwulize baba kwanza, wala mwalimu. Liulize shamba.

MTOTO MMOJA WA NYERI

Pengine wasema, "Kipande kidogo cha bustani chaweza kumsaidia nini mtoto?" Sikiliza habari za Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alipokuwa mdogo, mama yake alimkatia kipande kidogo katika shamba lake, akamwachia apande vitu vyake mwenyewe. Wangari alipanda, lakini hakuweza kungoja. Alifukua mbegu zake ili aone kama zimeota. Mama yake hakumchapa wala hakumnyang'anya kipande kile. Alimweleza kwamba mbegu hufunikwa na kuachwa ijifanyie kazi yake yenyewe.

Mtoto yule aliyefukua mbegu alisoma elimu ya viumbe. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo cha Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kufika daraja hiyo. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, na akina mama wa vijijini wakapanda miti kwa mamilioni. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hatusemi kwamba kila mtoto mwenye bustani atapata tuzo. Twasema hivi: mama mkulima alimpa mtoto udongo kidogo na ruhusa ya kutazama, na gharama yake ilikuwa hatua chache tu za shamba.

WATOTO WALIOWAFUNDISHA BABA ZAO

Huko Marekani, katika wilaya ya Clark, jimbo la Ohio, palikuwa na msimamizi wa shule aliyeitwa A. B. Graham. Mwezi wa Januari mwaka 1902 aliwakusanya watoto wa wakulima, akaanzisha chama chao. Watoto walipima udongo, wakapanda mbegu bora za mahindi na kulima bustani. Wakati ule wataalamu wa vyuo walikuwa na maarifa mapya, lakini wakulima watu wazima hawakuyasadiki upesi. Watoto ndio waliokubali kujaribu. Baba alipoona mstari wa mtoto umeushinda mstari wake, hakuhitaji hotuba tena.

Vyama vya namna hiyo vilienea katika nchi yote. Mwaka 1910, katika jimbo la South Carolina, kijana Jerry Moore alivuna zaidi ya busheli 228 za mahindi katika ekari moja. Kwa hesabu yetu ni kama magunia 64 ya kilo 90. Wakati huo wastani wa mkulima wa Marekani haukufika busheli 30 kwa ekari. Kijana yule alitia mbolea nyingi, naye hakuwa mchawi. Alifuata maelezo na kuandika hesabu zake.

Vyama hivyo viliitwa 4-H. Kenya ilichukua mfano huo mwaka 1962 ikaanzisha vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wengine wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa wanachama, mnakumbuka sungura na bustani za kabeji. Baadaye vyama hivyo vilififia katika shule nyingi, kisha Serikali ikavifufua mwaka 2021. Na katika mtaala wa sasa, ambao ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, watoto wa Gredi ya 4 hadi ya 6 hufundishwa kilimo na sayansi kwa vitendo. Kwa hiyo mlango umefunguliwa shuleni. Kazi iliyobaki ni kuufungua nyumbani pia.

MASOMO MATANO YA KUFANYA NYUMBANI

Masomo haya hayahitaji fedha. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na mbili aweza kuyafanya, ukimwangalia.

Somo la kwanza: Maharagwe katika kioo. Twaa gilasi au chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Izungushie ndani karatasi au kitambaa kilicholoweshwa. Chomeka maharagwe manne kati ya kioo na karatasi, kila moja limeelekea upande wake: juu, chini, kulia na kushoto. Tia maji kidogo chini ili karatasi isikauke. Sasa mtoto aweza kutazama kila siku bila ya kufukua. Ataona kwamba mzizi hutangulia kutoka, nao huelekea chini, hata kama mbegu ilipinduliwa. Mizizi ikiwa mirefu kidogo, laza chupa kwa ubavu, ungoje siku mbili. Mwulize mtoto kwanza, "Wadhani mzizi utakwenda wapi?" Aandike analodhani, ndipo atazame.

Somo la pili: Kupima mbegu. Hili ndilo lenye faida kubwa kwako, basi tulieleze kwa urefu. Majuma matatu kabla ya mvua, mtoto achote mbegu 100 katika gunia lako. Asichague zilizo nzuri. Achanganye, achote tu. Azipange juu ya kitambaa safi kilicholoweshwa, mistari kumi ya mbegu kumi kumi. Akikunje kama mkeka, akiweke mahali penye joto kidogo, kama jikoni mbali na moto. Kila siku anyunyize maji, lakini kitambaa kisielee majini. Siku ya saba akikunjue, ahesabu mbegu zilizotoa mzizi na chipukizi zenye nguvu. Penye baridi nyingi, kama Kinangop, angoje mpaka siku ya kumi.

Zikiota 90 au zaidi, panda bila ya wasiwasi. Zikiota 70 hivi, itakubidi kuongeza mbegu katika mashimo. Zikiwa chini ya 50, usizipande. Tafuta mbegu nyingine mapema, wakati mvua ingali mbali.

Sasa mpe mtoto hesabu hii. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 25 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, ekari moja huwa na mashimo zaidi ya 21,500. Mbegu zikiota 90 kwa kila 100, mashimo yapatayo 2,150 yatabaki matupu. Zikiota 60 tu, mashimo matupu ni zaidi ya 8,600. Fikiri, ndugu mkulima. Mashimo hayo 8,600 umeyachimba, umeyatia mbolea ya fedha, nawe utayapalilia, lakini hayatakupa hata gunzi moja. Ukigundua jambo hilo baada ya majuma mawili ya mvua, umechelewa. Mtoto wako aweza kukuambia kabla ya mvua kuanza.

Angalia mambo mawili. La kwanza, mbegu za dukani zenye rangi zimepakwa dawa. Mtoto asizishike. Zipange mwenyewe ukiwa umefunika mikono, yeye ahesabu kwa macho, kisha kitambaa kitupwe mahali ambapo kuku hawafiki. La pili, kipimo hiki huonyesha kama mbegu itaota. Hakionyeshi itazaa nini. Ukihifadhi mbegu kutoka katika mahindi ya haibridi, zaweza kuota zote mia, lakini mavuno yake yatapungua. Tangu haibridi 611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964 wakulima wameambiwa wanunue mbegu mpya kila msimu, na sababu ndiyo hiyo.

Somo la tatu: Udongo katika chupa. Mtoto alete udongo wa mahali patatu: bondeni, mlimani na karibu na boma. Kila udongo autie katika chupa yake ya kioo mpaka theluthi moja, ajaze maji na kutia sabuni ya unga kidogo sana. Afunge, atikise kwa nguvu, aiweke bila ya kuigusa mpaka kesho yake. Mchanga hutua kwanza, kwa muda wa dakika moja au mbili. Baada yake hutua udongo laini, na mwisho mfinyanzi, ambao waweza kukawia siku nzima au zaidi. Majani yaliyooza huelea juu. Kwa rula mtoto apime unene wa kila tabaka. Hapo ataona kwa macho yake kwa nini maji hukauka upesi mahali fulani, na kwa nini jembe hunata mahali pengine.

Somo la nne: Mvua na mteremko. Kata mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia, uupasue kwa urefu upate mabakuli mawili marefu. Yajaze udongo ule ule. Moja liache wazi, la pili lifunike kwa nyasi kavu. Yaegemeze juu ya jiwe ili yapate mteremko sawa. Mtoto atoboe mkebe matundu madogo kwa msumari, kisha anyeshee kila bakuli lita mbili za maji kwa kimo kimoja, akikinga maji yanayotoka katika gilasi. Gilasi moja itakuwa na maji mekundu ya matope; ya pili itakuwa na maji machache, tena meupe zaidi. Tope lile ni shamba lako linavyokwenda mtoni. Mtoto aliyeiona gilasi hiyo hataliona zoezi la kuchimba mitaro ya fanya juu kuwa mateso, maana anajua mitaro inazuia nini.

Somo la tano: Kipande chenye samadi na kisicho na samadi. Mpe mtoto vipande viwili vilivyo karibu, kila kimoja mita moja kwa mbili. Katika kimoja atie debe moja la samadi iliyooza vizuri. Katika cha pili asitie kitu. Vyote viwili avipande sukumawiki za kitalu kimoja, siku moja, na kuzinywesha maji sawasawa. Sheria ya somo hili ni moja, nawe umkumbushe kila mara: badili jambo moja tu. Akitia samadi na pia maji mengi upande mmoja, hatajua kilichosaidia ni samadi au ni maji. Kila Jumamosi apime mimea mitano kwa fimbo iliyotiwa alama, aandike. Majani yakianza kuvunwa, ayahesabu.

Pembezoni apande maharagwe. Yakitoa maua, ang'oe mmea mmoja taratibu, aoshe mizizi na kutafuta vinundu. Akate kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu kidogo ndani, vijidudu vilivyomo vinafanya kazi ya kuvuta naitrojeni ya hewani na kulisha mmea. Kikiwa cheupe au kijani, havifanyi. Hapo atafahamu kwa nini Bwana Shamba husema mahindi yafuate maharagwe.

MACHO YA MTOTO

Iko faida nyingine ya mtoto aliyezoea kutazama. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi viliingia Kenya na kuharibu mahindi ya wakulima wengi. Adui huyu hushindwa kwa urahisi zaidi akionekana angali mdogo, naye hujificha katika moyo wa mhindi. Mtoto hutazama kwa makini, na mahindi machanga yako karibu na macho yake. Mfundishe atembee shambani mara mbili kwa juma, asimame mahali patano, na kila mahali akague mimea kumi. Jumla ni mimea 50. Ajue dalili: majani yenye vidirisha na matundu, na unga kama wa mbao katika moyo wa mmea. Kiwavi mwenyewe ana alama nyeupe kichwani iliyo kama herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Aandike mimea mingapi imeguswa, akuletee hesabu. Wewe utaamua la kufanya pamoja na afisa wa kilimo.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, mtoto asiguse dawa ya wadudu wala ya magugu, asinyunyize, asichanganye, asioshe pampu. Chupa iliyokuwa na dawa isitumiwe katika masomo haya hata ikioshwa mara ngapi. Pili, baada ya kushika samadi na udongo anawe mikono kwa sabuni, na miguu yake iwe na viatu. Tatu, somo hili lisiwe hila ya kumpatia mtoto kibarua. Nusu saa kwa siku yatosha, na siku ya shule shule ndiyo ya kwanza. Nne, mavuno ya kipande chake yawe yake. Akiuza sukumawiki kwa mama, alipwe, hata kama ni shilingi chache, aandike fedha hizo katika daftari. Ukichukua mavuno yake bila ya kumwuliza, umemfundisha kwamba anayelima si anayekula.

Tano, usimcheke mbegu zake zisipoota. Mbegu isiyoota imetoa jibu. Mwulize, "Wadhani ni kwa sababu gani? Tutajaribuje tena?" Kama wewe mwenyewe hujui jibu, sema hujui. Hakuna aibu. Mwambie, "Tuliulize shamba."

SHULENI NANYI MNA KAZI

Bustani nyingi za shule hufa kwa sababu moja: likizo. Mwezi wa Machi mvua inaponyesha watoto hupanda kwa furaha, mwezi wa Aprili shule hufungwa, na wanaporudi hukuta magugu na nyayo za mbuzi. Katika mkutano wa wazazi, toeni shauri hili: kila familia iliyo karibu ichukue siku zake za kunywesha maji na kulinda. Mtu mmoja alete miti ya ua, mwingine mkokoteni wa samadi. Pia mwalimu achague mimea inayolingana na muhula. Mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne, kwa hiyo hauna haja ya kungoja likizo ipite. Maharagwe huhitaji kama miezi mitatu, basi ni heri yapandwe muhula unapoanza, pale ambapo mvua inaruhusu.

Tena mwombeni mwalimu mkuu jambo moja kwa heshima: bustani ya shule isitumiwe kuadhibu. Na kama shuleni hakuna chama cha 4-K, ulizeni kwa nini, mkamwite afisa wa kilimo wa wadi aje awasaidie kuanza. Mwalimu hawezi kuyafanya haya peke yake. Ana watoto wengi na jembe moja. Ninyi mna majembe.

ANZA JUMAMOSI HII

Ndugu mkulima, wahenga walisema udongo uuwahi ungali maji. Mtoto wa miaka kumi ni udongo huo. Miaka mitano ijayo atakuwa ameshaamua moyoni kama shamba ni mahali pa watu wajinga au ni mahali pa watu wenye akili.

Kwa hiyo usingoje. Jumamosi hii mkatie mtoto wako kipande chake, msichana sawa na mvulana. Mpe daftari, penseli na fimbo ya kupimia. Daftari lipigwe mistari kufanya sehemu nne: tarehe, nilichofanya, nilichoona, ninachofikiri. Kisha mpe mbegu 100 kutoka katika gunia unalokusudia kupanda, na kitambaa kimoja. Baada ya siku saba kaa naye chini, mhesabu pamoja, naye aandike hesabu hiyo kwa mkono wake. Ukiikuta ni 90, panda. Ukiikuta ni 40, mshukuru mtoto wako, ukatafute mbegu nyingine kabla ya mvua.